Kifungo Kwenye Uzi

Mke wangu ni fundi cherehani, na hapimi kitu kwa macho. Hata mimi, siku nilipomwambia nataka kumuoa, alinipima mabega kwanza ndipo akanijibu.

Binti yetu wa pekee alipoolewa ng'ambo, mama yake alibandika ramani ya dunia ukutani, juu ya cherehani. Akavuta uzi mwekundu kutoka uwanja wetu wa ndege hadi uwanja wao, ukakatiza bahari kubwa katikati. Jioni alikuwa akikaa anautazama, mguu umetulia kwenye pedali, kitambaa kimemteleza mapajani, na yeye mwenyewe hayupo. Ukitaka chai, utamwita mpaka uchoke.

Kisha binti akapiga simu. Mimba inamsumbua, daktari kamwambia asitoke kitandani, na mumewe anashinda kazini. "Mama, njoo unishike mkono. Naogopa." Tiketi akatuma.

Mama akautazama ule uzi. "Masaa kumi na manne juu ya maji yote haya? Siwezi, mwanangu."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia, "Mtoto analia, wewe unaogopa rangi ya buluu kwenye karatasi." Tukalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake.

Asubuhi nikamkuta sakafuni, vumbi hadi kwenye nyusi, amepakata lile tufe la ramani la binti la enzi za shule. Alikuwa amelishusha kutoka juu ya kabati, na amekaza juu yake uzi uleule, uwanja hadi uwanja. Uzi haukwenda tulikodhania. Ulipanda kaskazini, ukapita nchi baada ya nchi, ukagusa maji mahali pamoja tu, padogo kama mfuko wa shati.

"Miaka yote napima nguo ikiwa imetandazwa mezani," akasema taratibu. "Fundi mzima. Dunia ina tumbo, baba, nami nikasahau."

Akakubali kwenda. Alfajiri ya safari alipitisha kifungo cha koti lake kwenye uzi, akabandika ncha zake mbili kwenye tufe. "Nisindikize. Kisogeze polepole, usinikimbize."

Nilipotoka kumuaga uwanjani nikakaa kwenye kiti chake, tufe mapajani, nikawa nasogeza. Nikamvusha jangwa, nikampandisha milima. Jua lilizunguka chumba, likapita juu ya mikasi, juu ya gauni lisilo na mikono, nami nikawaza kwamba jua hilohilo linamfuata dirishani kwake na linakataa kuzama, maana anakwenda nalo. Nilianza hata kukisemesha kifungo. Hapa vuta shuka. Hapa kuna mawingu, usishtuke. Mtu angechungulia angesema mzee karukwa na akili, na nisingebishana naye. Nyumba ilikuwa kimya, nikawa kama na mimi nimening'inia huko juu, sina uzito.

Simu iliponiita, giza lilikuwa limeshaingia.

"Baba, mama kafika," binti akasema. Alikuwa analia na kucheka. "Kanishika mkono, hataki kuuachia. Anauliza, kifungo kimefika wapi?"

Nikawasha taa, nikatazama. Kifungo kilikuwa ukingoni mwa yale maji madogo, upande wa huku. Kidole changu kilikuwa juu yake tangu mchana, na nilikuwa sijathubutu kumvusha.