Mkwe, Fotoni na Mimi Katikati

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza mdogo wangu anafanya kazi gani, nilikuwa najibu, "Anashughulika na mwanga." Nilikuwa nalitamka hilo kwa sauti ya mtu ambaye angeweza kuendelea kueleza, ila ana haraka. Kwa bahati nzuri watu wa mtaani kwetu hapa Mbeya ni waungwana, hawachimbi. Fundi mmoja tu wa sola ndiye aliyewahi kuniuliza kama mdogo wangu anapokea na betri mbovu.

Ukweli ni kwamba anatafiti fotoni. Fotoni ni punje ya mwanga, ile ya mwisho kabisa ambayo ukitaka kuipasua nusu haipasuki. Watu wazima wenye shahada zao wanajifungia kwenye chumba cha giza, wanaielekeza leza kwenye fuwele, wanasubiri punje zitoke mbili mbili kama mapacha, kisha wanazituma kwenye waya wa kioo zikabebe siri. Hayo kayasema yeye. Mimi na fizikia tuliachana kidato cha nne, kwa maelewano. Prizimu ya shule ilikuwa moja, imefungiwa kabatini kwa mkuu wa shule isije ikavunjika, na sisi tukachora upinde wa mvua kwa kalamu ya bluu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Baada ya hapo nikaingia kwenye taaluma yangu ya kukaa nyumbani. Marehemu baba alikuja Mbeya kutoka Iringa kwa kazi ya reli, akajenga, akatuachia nyumba yenye vyumba vya wapangaji uani na banda la kuku. Vitu hivyo vinahitaji mtu wa kuviangalia, na mtu huyo lazima awepo. Ndivyo ninavyowaambia wanaouliza. Safari yangu ndefu ya mwaka ni Mbalizi, hapo jirani tu, kununua pumba za kuku, na nikirudi huwa nalala mapema.

Sasa mdogo wangu ameolewa na Mnyakyusa, mwalimu wa chuo huko Iringa. Maabara moja ya Ulaya ikamwita akafanye utafiti wake miaka mitatu. Mumewe akasema yeye hana neno, ila mzee asikie kwanza. Mzee ni baba yake, anakaa Tukuyu, na katika familia ile neno la mzee halijadiliwi, linasindikizwa tu.

"Akikataa siendi, kaka," mdogo wangu aliniambia kwenye simu. "Siwezi kuivunja nyumba yangu kwa ajili ya fotoni."

Alilisema kwa upole mno. Mdogo wangu si mpole. Nikajua jinsi anavyoitaka safari ile.

Basi ingekuwa rahisi aende Tukuyu, apige magoti, aeleze. Lakini kwa mila za mzee, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Wala si ugomvi, ni heshima. Akimwona mzee anakuja njiani, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hakai alipokaa, halitaji jina lake. Wengi siku hizi wameacha, wanapiga na selfi pamoja harusini. Mzee hajaacha. Ni mzee wa kanisa, anasoma masomo ya Jumapili, lakini kwenye jambo hilo habanduki. Walikuwa na miaka kadhaa ya ukwe na ungewakutanisha sokoni wasingetambuana.

Nilitegemea mdogo wangu, na usomi wake, aichukie mila hiyo. Wala. "Ni mtu pekee kwenye ukoo wao ambaye hajawahi kunikagua juu mpaka chini," alisema.

Kwa hiyo ikapangwa wakutane bila kukutana, na mahali pawe kwetu, maana Mbeya iko katikati ya Iringa na Tukuyu. Mzee atakaa sebuleni. Mdogo wangu atakaa jikoni. Kati yao kuna ukumbi wenye pazia, na wa kwenda na kurudi kwenye ukumbi huo nikachaguliwa mimi. Vigezo vya uteuzi vilikuwa vikali: mtu awe ndugu wa damu, na awe nyumbani.

Mzee alifika asubuhi na ukungu wake, koti zito, kofia, mkungu wa ndizi umebebwa na dereva wa bodaboda aliyeonekana kuijutia siku yake. Alisimama uani akaangalia huku na huku.

"Kwa Wahehe hapa," akasema. "Mbona sioni mbwa? Mmemaliza?"

"Tumewaficha mzee, tulisikia mnakuja."

Ni utani wa zamani, eti Wahehe tunakula mbwa. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikaona kazi imekwisha, huyu tumeshampata. Nilikuwa mjinga.

Alikaa kwenye kiti kinacholipa mgongo pazia. Nikamletea chai. Akanywa, kisha akasema, "Muulize mwanangu huko anakwenda kufanya nini."

Nikatoka, nikaingia jikoni. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, kitenge mabegani, vidole vimekumbatia kikombe kilichokwisha kupoa.

"Anauliza unakwenda kufanya nini."

"Mwambie natengeneza fotoni moja moja, zinazokwenda kwa jozi, natafuta namna ya kuzituma mbali bila kupotea, ili watu wawili wapeane ufunguo wa siri."

Nikarudi. Njiani, kwenye hatua chache zile za ukumbi, nikaona hayo maneno yatamchosha mzee wa watu. Nikayapunguza.

"Anasema anakwenda kutengeneza mwanga."

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanga ulishatengenezwa siku ya kwanza. Kabla ya jua. Imeandikwa."

"Ni kweli mzee. Ila huu ni wa kisasa."

"Umeme?"

Hapo ningesema hapana. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kidogo, na mimi ni mtu ninayependa nyuso zilizofunguka. "Karibu na hapo," nikasema.

"Kwetu unakatika kila mvua ikinyesha. Akirudi atatuletea?"

"Hilo ndilo lengo kubwa, mzee."

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, na akaishusha kofia magotini. "Mwambie nimeshukuru sana kwa umeme."

Nikaenda jikoni natembea kama balozi. "Mambo mazuri," nikamwambia mdogo wangu. "Kashukuru."

"Kashukuru nini?"

"Kwa ujumla."

"Kaka. Kashukuru nini?"

"Umeme."

Akanitazama. Ana jicho la marehemu mama, lile la kumtoa mtu kitandani bila kusema kitu. "Umeme gani?"

"Uliouleta. Utakaouleta."

"Nimekuambia fotoni, umempelekea nguzo?"

"Nilirahisisha."

Nilidhani atakasirika. Badala yake akaanza kucheka, kimyakimya, kitenge kinaruka mabegani, maana hakutaka mzee asikie sauti yake. Alipomaliza akajifuta macho. "Hii ndiyo kazi yangu yenyewe," akasema. "Umeifanya hapa bila maabara. Haya, nenda, na usipunguze neno. Mwambie hivi. Watu wawili wakitumiana siri, hawajui aliye katikati anafanya nini. Kwa hiyo wanachukua sehemu ndogo ya walichotumiana, wanailinganisha. Tofauti zikizidi kiasi, wanajua katikati kuna mwizi. Wanavitupa vyote, wanaanza upya."

"Mwizi?"

"Kamwambie."

Ikawa nimebeba mashtaka yangu mwenyewe, kwa miguu yangu mwenyewe, mpaka sebuleni, na nikayasoma mbele ya hakimu bila kukosea hata nukta. Mzee alisikiliza huku akiitazama picha ya baba ukutani.

"Kwa hiyo umeme hakuna," akasema.

"Hakuna, mzee."

"Uliutoa wapi?"

"Ukumbini."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu anayekagua mahindi na kukuta wadudu wamemtangulia. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Huyo mwizi akichungulia tu, asiguse?"

Nikaenda, nikauliza, nikarudi. "Anasema kuchungulia ndiko kugusa. Punje hizo ukizitazama vibaya zinabadilika. Aliyetuma na aliyepokea watajua."

"Hata akichungulia kidogo?"

Jikoni, sebuleni. "Hata kidogo. Akichungulia chache kuna bahati asionekane, akichungulia nyingi lazima aonekane."

"Na hawezi kunakili, akabaki na yake?"

Jikoni tena. Nilikuwa naanza kutoka jasho, mimi ambaye kuku wenyewe nawaita waje. "Hawezi. Anasema haiwezekani kabisa, si kwamba watu hawajagundua namna. Dunia ndivyo ilivyo."

Mzee akavuta kofia, akaivaa, akaivua. "Basi ni kitu chenye adabu," akasema. "Kuna vitu si vya kutazamwa na kila mtu. Nilidhani wasomi wameshalisahau hilo, kumbe wanalipwa kulisomea."

Nikamuuliza kama nimfikishie mdogo wangu hayo. Akasema hapana.

"Wewe umetosha. Nina swali la mwisho na sitaki lipite ukumbini."

Nikapata wasiwasi kwamba atainuka, afungue pazia, na mila ya miaka yote ifie nyumbani kwetu, mbele ya sufuria zisizooshwa. Lakini mzee aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu ya vitufe, akanyoosha mkono akaisogeza mbali na macho, akaibonyeza.

Jikoni simu ya mdogo wangu ikaita.

Nitasema kwa niaba ya ukoo wetu kwamba hakuna aliyelifikiria hilo. Tulikaa vikao, tulipanga viti, tulishona pazia jipya. Simu haina macho, mila haikuigusa.

"Nenda ukaangalie kuku," mzee akaniambia, simu sikioni.

Nilikwenda. Nilikwenda mpaka kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha la sebule, ambako kuku wangu wawili walikuwa wanachakura na hivyo nilikuwa natii. Nilisikia mzee akisema "halo" kwa sauti ya mtu anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto, na jikoni, kupitia ukuta wa pili, sauti ya mdogo wangu ikijibu, "Shikamoo baba." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wanazungumza. Kisha mzee akasema, "Subiri kidogo mwanangu, dirishani kuna mtu."

Nikahamia bandani kabisa.

Mazungumzo hayakuwa marefu. Mzee alitoka, akajinyoosha mgongo, akayakagua mayai yangu bila kuombwa. "Ataenda," akasema. "Mwambie mume wake nimesema mimi. Na wewe kila mwezi utakuja kwangu Tukuyu unipe habari zake."

"Mzee, si utampigia tu?"

"Nitampigia. Wewe utanieleza alichokuambia wewe, mimi nitakuwa na alichoniambia mimi. Tutalinganisha."

Akaondoka na dereva yule yule, mkungu haupo, wote wawili wamechangamka.

Mdogo wangu alitoka jikoni kofia ilipopotea kwenye kona. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule ameshika kiti alichokaa mzee, kwenye egemeo tu, hakukikalia. Nikamuuliza alichoulizwa. Kwanza akakataa. Nilipomkatia ndizi akasema.

"Aliniuliza, mume wangu nilimwomba ruhusa, au nilimtaarifu."

"Ukasema ulimwomba."

"Nikasema nilimtaarifu."

Mimi ningebeba jibu lile, lingefika sebuleni limepiga magoti, limevaa kilemba, limeomba ruhusa na baraka na nauli. "Akasemaje?"

"Akasema, mama mkwe wako naye alinitaarifu tu, alipokwenda kusomea ukunga. Nikakasirika mwezi mzima. Akarudi mkunga. Akasema, kama ungeniambia uliomba, ningejua unanidanganya, na ningekukatalia."

Akakaa, kwenye kiti kingine, akala ndizi tatu.

Jioni ile, kabla hajarudi Iringa kufunga mizigo, nikamwomba aanze mwanzo kabisa, taratibu, maana sasa nina mtihani wa kila mwezi na msahihishaji hana huruma. Akachukua miwani yangu ya jua, ile ya kuchuja mng'ao ninayovaa kwenda mpaka getini, akaiweka mbele ya skrini ya simu. Akaniambia niizungushe. Nikaizungusha, skrini ikafifia, ikafifia, ikawa nyeusi kabisa, na simu bado inawaka.

"Mwanga una namna ya kusimama," akasema. "Ukiuuliza vibaya haukupi kitu. Tuanzie hapo. Na Tukuyu ukifika, kaka, ukiwa hujaelewa, sema hujaelewa."

"Nikisema hivyo kila mwezi?"

"Basi atajua ujumbe umefika salama."

Nikaendelea kuizungusha ile miwani, skrini ikiwaka na kuzimika, mpaka mpangaji mmoja akaja kuuliza kama kwangu nako umeme unasumbua.