Spishi Yenye Jina Langu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ile ya ughaibuni, Msimamizi alinipa glavu na chupa ya asidi. "Wewe wa diploma, kazi yako ni kuyeyusha mawe." Niliyeyusha. Baada ya miaka miwili, hamkuwa na msomi yeyote wa udaktari mle ndani aliyenishinda kwa hadubini, na nasema hivyo bila haya.

Vijana, tulikuwa tukitafuta sisti za dinoflajelati. Dinoflajelati ni kiumbe wa chembe moja anayeelea majini. Sisti ni ganda analojifungia, na likifukiwa na tope linalogeuka jiwe, hudumu mamilioni ya miaka. Akitaka kutoka, kipande kimoja cha ganda hufunguka kama mlango. Mahali palipo na mlango ndipo panapotenganisha spishi na spishi.

Nilipopandishwa hadi chumba cha hadubini, nilichora na kueleza sisti moja ya miiba mifupi, yenye tundu ubavuni. Mkuu wa Idara aliiona akaruka.

"Spishi mpya!"

"Hapana, bwana. Hapo pamechanika. Niliibonyeza mwenyewe nikiifunika kwa kioo. Nimeandika daftarini."

"Diploma haiainishi spishi, kijana. Rudi kwenye asidi yako."

Akachapisha maelezo yangu, neno kwa neno, na mchoro wangu, kwa jina lake peke yake! Nilipolalamika, alisema spishi ameipa jina langu, limewekwa mkia wa Kilatini. "Si hiyo ni heshima?" Sikulalamika tena. Nilimkasirikia, lakini jina nililipenda.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Buruburu, nikautundika mchoro sebuleni. Hakuna mgeni aliyekunywa chai kwangu bila kusikia habari zake.

Mwaka huu akaja Daktari Atieno, mhadhiri kijana.

"Mzee, usikasirike. Nimeiona slaidi ile, kioo chenye sisti yako. Tundu lina kingo za kuchanika. Nadhani ni spishi ya zamani tu, imeumia. Ila sina shahidi."

"Na ukimpata?"

"Jina lako litaondolewa."

Mke wangu akacheka jikoni. "Baba Mwende! Na vile ulisimama kanisani ukatangaza!"

"Nilitangaza."

"Basi utasimama tena."

Nilikasirika. Mtu aliniibia kazi, akanilipa kwa uongo, na kuufuta uongo huo ni lazima nijifute mimi! Lakini daftari lilikuwa kabatini, na mwandiko ni wangu. Nikamfungulia ukurasa.

"Asante, mzee. Nitakushukuru mwishoni mwa makala."

"Mwishoni? Mimi ni mwandishi mwenzako. Niandike juu, kando yako, na diploma yangu."

"Diploma hatuandikangi, mzee. Lakini jina, juu kabisa."

Nimestaafu, na bado nina hasira: nao walionidharau, na mimi niliyenunulika kwa jina. Alipoondoka niliushusha mchoro ule, nikachora mshale hadi kwenye tundu, nikaandika: *Hapa nilipasua mimi.* Kisha nikautundika palepale, wageni wausome.