Bawa la Mninga

Harufu ya maranda ya mninga hunishika popote nilipo. Mwezi uliopita ilinikuta Dar es Salaam, nikipita nje ya karakana ya mtu nisiyemjua, nikasimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Fundi akaniuliza nataka kitanda au kabati. Lakini mimi sikuwa pale tena. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi, niko kwetu Gongoni, Tabora, nimekumbatia ndege.

Ndege yenyewe niliinunua sokoni kwa pesa zangu za Idi, kwa muuza mitumba aliyeichomoa chini ya rundo la viatu vya watoto. Ilikuwa ya kuchezea, ya kurushwa kwa rimoti, na bawa lake limevunjika katikati. Mama alishika kichwa. Alitegemea nitarudi na gauni. Fundi redio wa jirani akaibadilishia betri, mapanga yake mawili yakaanza kuvuma kama nyigu. Kilichobaki ni bawa, na bawa nikampelekea baba.

Baba yangu, fundi Shabani, alikuwa seremala, na hakuamini kitu chochote kisichokuwa mninga. Aligeuzageuza lile bawa la povu gumu jeupe, akaguna.

"Hili ni la kufungia televisheni, mama." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Nitakutengenezea watakalorithi wajukuu."

Kabati la mteja wa Kaliua likawekwa kando. Siku tatu baba alichonga, akapiga msasa, akapaka nta ya nyuki mpaka bawa likang'aa. Hadi leo sijaona kitu kizuri kama kile. Nilipolipokea tu, nikajua halitaruka.

Sikusema. Hebu niambie wewe, ungeanzia wapi kumwambia baba yako, naye amesimama mbele yako na vumbi la mbao kwenye nyusi, anangoja ufurahi?

Jioni tulikwenda uwanja wa mpira ulio karibu na reli. Ndege ilikimbia ardhini kama kanga aliyefukuzwa, ikafika golini, ikasimama. Watoto wenzangu wakashangilia: "Lori hilo! Lipakieni tumbaku!" Baba akatazama angani, akasema leo upepo hakuna. Kesho yake akalipiga bawa randa kidogo, tukarudi. Keshokutwa vilevile. Juma zima upepo ulilaumiwa, na mteja wa Kaliua alipiga simu mpaka akachoka. Mimi nilibeba rimoti huku moyo unaniuma. Mtu mzima anachekwa na watoto kwa ajili yangu, na neno la kuyamaliza yote ninalo mimi.

Siku ya nane, aliposhika tena randa, machozi yakanitoka.

"Baba, ni zito."

Randa ikasimama. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniacha nichonge wiki nzima?"

Nilingoja anifokee. Yeye akaweka bawa lake mkono mmoja, lile la povu mkono wa pili, akayapima, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa. Baadaye akaliunga lile la povu kwa gundi, akainama na kuokota maranda yaliyokuwa yakidondoka miguuni pake juma zima, membamba kama karatasi, akayabandika juu ya ufa. Jioni ile ndege ilipaa. Ilipita juu ya goli na juu ya wale wenye maneno yao, baba akavua kofia akaipungia, nayo ikaenda kuangukia kwenye mihogo ya watu.

Tangu hapo hakutoa kitu karakanani bila kuniita. "Mama, njoo useme." Nilidhani ananitania kwa kule kunyamaza kwangu. Nilipokuwa msichana mkubwa iliniudhi, nikawa namjibu "kizuri tu" nirudi kwenye mambo yangu, naye angebaki anakitazama kile kitu kwa mashaka. Sikuelewa kwamba Gongoni nzima ilimsifu, na kwamba sifa zile zote hazikumsaidia kujua kama kazi yake ni nzuri.

Baada ya ile harufu kunisimamisha barabarani, nilikata tiketi ya treni nikaenda kumwona. Mikono inamtetemeka sasa. Nilimkuta amemtengenezea mwanangu kiti kidogo, kazi ya siku nyingi, bila msaada wa mtu. Majirani waliokuwapo wakakisifu kwa zamu. Baba hakuwasikiliza, alikuwa ananitazama mimi.

"Mama, njoo useme."

Nilikiweka sakafuni, kikayumba.

"Baba, mguu mmoja umezidi."

Majirani wakanitazama kwa jicho baya. Lakini baba uso ulimkunjuka wote, akanyoosha mkono wake unaotetemeka, nimpe randa.