Simba wa Geti la Ami

Simba wa kwenye sahani ya bibi ni wa nani? Ami, ndugu yake baba, aliniuliza hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu, na kwetu aliyesoma huulizwa kila kitu, hata bomba likivuja.

Sahani ilitundikwa sebuleni kwa bibi. Ilikuwa kaure ya Kichina, nyeupe, yenye ufa, na katikati yake ngao, simba kashika upanga, na kofia ya chuma yenye manyoya. Ami alikuwa anamalizia nyumba Al Amerat, akataka picha hiyo ichomelewe kwenye geti. Alisema ni nembo ya ukoo, imetoka Unguja na wazee walipohamia huku Uarabuni.

"Ami, Wachina walikuwa wakiwatengenezea sahani hizi matajiri wa Ulaya. Kila ukoo ulipeleka nembo yake, wakaichora."

"Na sisi tusingeweza kupeleka?"

"Na hiyo kofia ya chuma? Babu aliivaa wapi, kwenye mikarafuu?"

Shangazi alicheka hadi akamwaga kahawa. Bibi hakucheka. "Iacheni sahani yangu, nnakuombeni," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Sikuiacha. Baada ya siku mbili za kupekua kwenye simu nilipata pacha wake katika jumba la makumbusho la Ulaya: simba yule yule, kofia ile ile, na jina la ukoo nisiloweza kulitamka. Nikaendesha gari hadi Al Amerat kumwonyesha ami.

Nilimkuta na fundi wa Kihindi, ambaye alikuwa ameshamkata simba kwenye bati. Ami alimwambia asipunguze kitu, naye hakupunguza. Hata ufa wa sahani aliutoa vilevile, kutoka sikio la simba mpaka mkiani.

"Jirani huyu ana jambia la babu wa babu yake ukutani," ami aliniambia. "Yule wa pili ana bunduki. Wananiuliza kwa adabu kabisa sisi tulikuja na nini. Mie nilikuja na kaptura, nna miaka sita." Akanigeukia. "Haya, msomi. Umempata mwenyewe?"

Nimebishana na walimu wangu wote kuhusu ushahidi. Siku hiyo nilirudisha simu mkobani.

"Bado natafuta, ami."

"Tafuta taratibu, mwanangu. Geti linapakwa rangi Alkhamisi."

Lilipofungwa mahali pake, majirani walikuja kumpongeza. Mmoja aliuliza ule mstari unaompasua simba ni nini. Ami akamjibu, bila kupepesa macho, kwamba ni radi.

Miaka kadhaa baadaye, bibi akiwa keshafariki, shangazi alinieleza kwamba sahani haikupata kufika Unguja. Bibi aliinunua Matrah, sokoni, mwaka wao wa kwanza hapa, kwa kuwa ami alikuwa haachi kulia akiuliza vyombo vya kwao viko wapi.