Koti Jeusi la Nyamuswa

Mkiniita mzembe mtakuwa mmenihurumia. Kikundi chetu cha msaada kilitoka Musoma kupeleka nguo kwa familia zilizohamia kijiji kipya cha ujamaa, Nyamuswa. Mgeni rasmi alikuwa bado shambani, analima pamba na wananchi, nami nikaanza kugawa kwa mbwembwe. Juu ya robota la nguo nikakuta koti jeusi, safi kabisa. Nikamvika mzee Wambura, nikamfunga na vifungo.

Mgeni rasmi akarudi, jembe begani, tayari kuhutubia juu ya kujitegemea. Akapapasa robota akitafuta koti lake.

Mzee Wambura, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, akachomoa karatasi mfukoni mwa koti.

“Binti,” akaniita kwa sauti, “hapa wameandika ‘Ndugu wananchi’. Nisome mimi?”