Gundi Kwenye Paji la Nassuuna

Binti yangu Nassuuna hakupata kuzijua nywele zake mwenyewe. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita alinyolewa kila shule ilipofunguliwa, kama wasichana wote wa huku. Nilimkalisha nyuma ya nyumba hapa Nansana, nikazikata, nikamwogesha, akaenda. Alipomaliza shule zikaachwa ziote, na zilipoota akawa anazigusagusa kama mtu aliyepelekewa mzigo usio wake. Hakujua kuzichana. Hakujua kuzipaka mafuta. Kabla hazijafika urefu wa kidole, alikuwa ameshazifunika kwa wigi.

Mimi sina ugomvi na wigi. Hata mimi ninalo, la kwendea kanisani. Nassuuna yuko mapokezi kwenye hoteli moja mjini, na bosi wao anataka vichwa vilivyotulia. Anatoka asubuhi akiwa na nywele laini hadi mabegani, na jirani yangu husema, "Mama Nassuuna, huyo ni wako kweli au mmemwazima?"

Taabu ilianzia kwenye harusi. Kulikuwa na mzee wa upande wa bwana harusi, na Nassuuna akapiga magoti kumsalimu, akainamisha kichwa kama alivyolelewa. Wigi likateleza likamfunika macho. Mzee akasema kwa sauti, "Ahsante, mwanangu. Nywele zako zimenisalimu kabla yako." Watu kwenye hema walicheka hadi mwenye kipaza sauti akashindwa kuendelea.

Wiki hiyohiyo akanunua gundi. Alikuwa akiipaka kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio, akilikandamiza wigi kwa kitambaa hadi likashika.

"Sasa nitampigia magoti yeyote, mama," akaniambia. "Hata wakileta trekta halitoki."

Na kweli halikutoka. Alilala nalo. Aliloweshwa nalo na mvua, akaliacha likaukie kichwani, na kesho yake chumba chake kikanuka kama taulo iliyosahaulika kwenye beseni. Nikaanza kumwona akijipiga kichwa kwa kiganja, pa pa pa, wakati anakula, wakati anaongea na simu.

"Mbona unajipiga?"

"Kunawasha tu."

"Hicho kichwa kinapumua saa ngapi?"

"Mama, kichwa hakina pua."

Nikaiacha hapo. Kwetu mama hazungumzi na binti yake mambo ya mwili. Hiyo ni kazi ya shangazi yake. Yangu mimi ni kuangalia, basi nikaangalia. Nilimwangalia akipita mlangoni, nilimwangalia akisali. Niliona paji la uso wake linakua. Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Nikatoa picha yake ya mahafali, nikaiweka karibu na sahani yake akiwa anakunywa chai, nikalinganisha. Baba yake akaniuliza kama naumwa.

Halafu Jumamosi moja akawa ameliosha wigi na kulianika kwenye kamba, mwenyewe amejifunga kilemba hadi kwenye nyusi. Nikaligeuza ndani. Kwenye ukingo wake, palipokuwa na gundi, vilikuwa vimenasa vinywele vifupi vyeusi, vya kwake, vyenye mizizi yake, vina ncha nyeupe kama punje ndogo. Vingi. Nikalirudisha kwenye kamba.

Nikampigia simu wifi yangu Losira, dada wa mume wangu, aliyeko Mityana. Nassuuna alikuwa chumba cha pili, kwa hiyo niliongea kwa kuficha.

"Wifi, njoo. Msichana wako ana jambo."

"Jambo gani?"

"Siwezi kulisema hapa. Ila limeshaanza kuonekana."

"Banange! Jamani!" akasema, akakata simu.

Jumatatu jioni akafika. Alikuwa na kuku, alikuwa na majani ya kuogea yamefungwa kwenye kitenge, na alikuwa na madonge ya ule udongo wa dawa wanaotumia wajawazito. Mume wangu alikuwa nyuma yake, amekunja uso. Alishapigiwa simu na kaka zake wawili.

Nassuuna akarudi kutoka kazini, akapiga magoti kumsalimu shangazi yake. Shangazi yake hakuitika. Alikuwa anamtazama tumbo.

"Miezi mingapi?"

"Miezi mingapi ya nini, shangazi?"

"Ni nani huyo kijana?" akadakia baba yake. "Ana watu kwao, au ameokotwa?"

"Kijana gani? Mama, wanasema nini hawa?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Wifi, si hivyo."

"Si hivyo nini? Si wewe uliyesema linaonekana?"

"Nilisema linaonekana. Sikusema wapi."

"Basi wapi?"

Nikagusa paji langu. Losira akanitazama, akamtazama Nassuuna, akalitazama fungu la dawa mikononi mwake. Akacheka hadi akakaa sakafuni. "Mimi nimeuliza ukoo mzima habari za mtoto," akasema, "kumbe mtoto mwenyewe ni kipara!"

Nassuuna hakucheka. Akaingia chumbani. Shangazi yake akafuta macho, akamfuata, akafunga mlango.

Nilikaa jikoni kumenya matoke. Nilimenya mengi kuliko tunayokula. Nilisikia maji, nikasikia sauti ya Losira ikipanda na kushuka, halafu sikusikia kitu. Mlango ukafunguliwa.

"Wifi, ingia. Hili na wewe lione. Mila itatusamehe."

Nassuuna alikuwa ameketi kitandani, kichwa wazi. Kuanzia paji hadi juu ya masikio hapakuwa na nywele. Kulia palikuwa na vipele vyekundu. Kushoto ngozi ilikuwa laini, inang'aa kama kijiko.

"Nilijua," akasema, analia. "Nilijua tangu zamani. Ndiyo maana sikuwa nalivua mbele ya watu. Nikilivua, wataona."

"Kwa hiyo ukazidi kupaka gundi," nikasema.

"Ningefunika na nini?"

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa ngozi, sote wawili, mimi na Losira, mmoja kila upande. Daktari akamgusagusa kwa kidole. Kulia, akasema, vitundu vya nywele bado viko wazi, zinaweza kurudi. Kushoto hakuahidi. Akampa dawa ya kupaka, akasema gundi ikome. Wigi anaweza kuvaa, lakini chini asuke matuta yaliyolegea, aoshe ngozi ya kichwa, nywele zikauke kabisa kabla ya kuzifunika, na akifika nyumbani alivue.

"Na nikipiga magoti?" Nassuuna akauliza. Daktari hakuelewa. Sisi tulielewa.

Losira akakaa kwetu hadi alipomaliza kulirekebisha lile wigi. Alishona kwa ndani ukanda wa mahameli, na kisogoni mpira laini wa kukaza kidogo. Kisha akaketi kwenye kiti cha sebuleni.

"Nisalimie."

Nassuuna akapiga magoti. Wigi likasogea.

"Mbona unainama kama umedondosha sindano? Shingo hiyo. Tena."

Akalegeza hapa, akakaza pale. Nassuuna akamsalimu yeye, akamsalimu baba yake, akanisalimu mimi, hadi magoti yakawa meupe na wigi likatulia. Siku hiyo ndipo alipocheka.

Losira alisharudi kwake. Sasa Nassuuna akiingia tu nyumbani analivua, analitundika, anatembea na matuta yake. Kulia pameanza kuwa na kivuli cheusi, laini ukipitisha kidole. Mwanzo alikuwa akijiangalia mwenyewe kwenye kioo, amejifungia. Juzi akanifuata uani.

"Mama, niangalie. Huku kushoto mimi sioni vizuri."

Nikamsogeza kwenye mwanga, nikaangalia sana. Nilitaka kuona. Nilipoinamisha kichwa chake nilidhani nimeona kinywele kimoja, nikakifuta kwa kidole kikatoka. Kilikuwa uzi wa kitambaa.

"Bado," nikamwambia.

Hakukiondoa kichwa chake mikononi mwangu.

"Angalia tena," akasema. "Taratibu."