Mtaalamu wa Ukimya wa Koekelberg

Florent Cirimwami alikuwa akiandika tasnifu kuhusu ukimya, na katika Koekelberg nzima, mtaa wa Brussels, hakukuwa na mtu ambaye hajasimuliwa habari zake.

Alitoka Bukavu mwaka 2001. Alipopata makaratasi ya kukaa, wenzake walikimbilia kutafuta kazi. Yeye akajiandikisha chuo kikuu kumchunguza mtawa mmoja wa karne ya kumi na mbili, Ansegiso, aliyemaliza maisha yake yote katika abasia, nyumba ya watawa, kusini mwa Brussels. Ansegiso alifundisha kwamba Mungu huja pale ulimi unapolala. Alikula maharagwe, akanakili vitabu, na uzeeni akaacha kabisa kusema. Florent alimpenda mno. Alimhubiri kwa kinyozi, kwa muuza samaki wa chumvi, ndani ya basi, na kila Jumapili mbele ya basilika, mpaka waumini wakajifunza kutokea mlango wa pembeni.

Mkewe, Marie-Jeanne, alikuwa akihudumia wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette. Kutwa nzima aliosha na kugeuza miili ya watu, kisha akarudi kupika, huku Florent ameegemea friji akimpa somo.

"Papa Florent," alimwuliza siku moja, "ule moine wako alikuwa na bibi?"

"Hapana! Mtawa hana mke, alijitoa kwa Mungu."

"Donc nani alikuwa anamupikia?"

"Ndugu zake wa abasia. Walikuwa wanapokezana."

"Ah bon. Wanapokezana," akasema Marie-Jeanne, akazidi kusonga fufu.

Florent akafikiri, akasema jambo hilo linastahili tanbihi.

Mwaka 2012 profesa wake, aliyekuwa karibu kustaafu, alimwomba aache kuisimulia sura ya tatu, ailete. Florent akaamua kwenda kuandika mahali panapomfaa: abasia iliyo hai, kule Wallonia, ambako watawa hupokea wageni kwa wiki moja. Aliaga mtaa mzima kana kwamba anaiacha dunia, akaondoka na sanduku la vitabu na chupa ya pilipili.

Ndugu wa mapokezi alimwonyesha chumba, akaweka kidole midomoni, akaenda zake. Florent alivumilia hadi chakula cha mchana. Mezani mtawa mmoja alikuwa akisoma kwa sauti maisha ya mtakatifu fulani, wengine wakinywa supu bila neno. Florent akaona hiyo ni semina. Akainua mkono, akamsahihisha msomaji tarehe. Hakuna aliyejibu, naye akadhani wamevutiwa.

Kesho yake alipelekwa bustanini kupalilia vitunguu pamoja na mtawa mzee. Alimsimulia Ansegiso tangu kuzaliwa. Kabla Ansegiso hajabalehe, mzee alichukua jembe lake akahamia kwenye viazi, ng'ambo ya ukuta.

Siku ya tatu aliitwa na abati, mkuu wa watawa.

"Bwana Florent," alisema abati, "hapa tuna ndugu ambaye hajatamka neno tangu Kwaresima. Jana ametamka."

Moyo wa Florent ulidunda kwa fahari. "Amesema nini?"

"Ameuliza unaondoka lini."

Alifika nyumbani alasiri. Marie-Jeanne alikuwa sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, redio imezimwa, macho yamefumbwa, usoni tabasamu ambalo Florent hakuwa ameliona tangu Bukavu. Alipofungua macho, tabasamu likatoweka.

"Umerudia?"

"Abasia za siku hizi zimeharibika," Florent alianza. "Wakati wa Ansegiso..."

"Florent. Nyamaza."

Akanyamaza, kwa mshangao tu.

"Unajua nimelala namna gani hizi siku? Nimelala kama mutoto. Nilitaka hata kupigia ule abbé simu, nimuombe akulinde kule mwezi muzima. Alors, sikia. Kesho unaenda kutafuta kazi. Ama unarudia kwa bamoine."

Florent alikaa kitini. Kwa mara ya kwanza nyumba yake ilisikika: friji likinguruma, maji yakitikisika ndani ya beseni. Ungedhani hapo ndipo alipomwelewa Ansegiso. Wapi! Alikuwa akipanga nani atamsimulia kwanza jinsi mkewe alivyomdhulumu.

Kazi aliipata: kuendesha gari dogo linalopeleka wazee kwenye kituo chao cha mchana kule Berchem. Ilimfaa kuliko kiti chochote cha uprofesa. Abiria wake wamefungwa mikanda, hawana pa kukimbilia. Bibi mmoja Mflemi huzima kifaa chake cha kumsaidia kusikia mara tu gari linapoondoka. Mwingine humsikiliza kwa furaha kila asubuhi, kwa kuwa ya jana ameyasahau. Chuo kikuu kilifuta jina lake bila kelele. Yeye husema anasubiri profesa wa kiwango chake.

Hivyo Florent akawa anarudi nyumbani saa kumi na moja jioni, ana mambo mengi ya kueleza. Mwaka uliofuata Marie-Jeanne aliomba hospitalini apangiwe kazi za jioni. Florent anawaambia watu wote kwamba Wabelgiji wanamnyonya mkewe.